Koti la Urmas

Alikuwa na viwili, vitanda vya mama yangu:
kimoja cha kwake mwili, kingine cha nyuzi chungu.
Alifia cha awali, akaniachia fungu:
mtande haujaisha, mikono imeshakoma.

Nilizikata nyuzi kwa mkasi wa manyoya ya kondoo,
maana mkasi wake sijauona mpaka leo.
Kitambaa kikaniangukia mapajani, kizito kama paka mgonjwa:
mistari ya chungwa, kahawia, halafu ile waridi kali
ambayo sisi wa Muhu hatujui kuipenda kidogo.
Nikapima. Kifua, ndiyo. Mgongo, ndiyo. Kola, labda.
Mikono, hakuna.

Na koti lilikuwa la Urmas, mdogo wangu,
anayechomelea meli huko Turku
na kurudi kwa feri ya Krismasi akinuka chuma.

Vaike wa jirani akasema, "Basi ifume kwa sindano."
Nikacheka. Sindano ni za soksi.
Mama asingekubali soksi ipande mpaka begani pa mtu.
"Mama yako," akasema Vaike, "hayupo,"
kisha akaona haya, akajitia kukata mkate.

Kitambaa cha mtambo hakivutiki kwa nguvu,
cha sindano kina mambo, chafuata kila mbavu;
mshono huenda kombo na kwapa huota kovu:
huyu ana msimamo, yule hukubali yote.

Mara tatu nilishona, mara tatu nikafumua.
Bega la kwanza lilikunjamana
kama uso wa mtoto aliyelambishwa siki.
La pili lilining'inia.
La tatu sitaki kulisema.
Usiku wa nne nikaazima kroshia ya Vaike,
kakulabu ka chuma kenye kutu shingoni,
nikatia kati ya kitambaa na mkono utepe wa vitundu,
upana wa kidole tu,
si wa mtambo, si wa sindano,
kama mtu anayekaa katikati ya benchi
ili ndugu wawili wasigusane viwiko.
Likatulia.

Juu ya kiungo nikatarizi maua matatu.
Mawili ni mazuri.
La tatu lilikuja kuficha damu ya kidole changu,
ndiyo maana ni jekundu kuliko inavyostahili.

Urmas aliingia na theluji yake, akalivaa mlangoni.
Mikono ilimpita vidole.
Niliikumbuka mikono yake kwa urefu
wa siku alizokuwa akinibeba nivuke matope,
ingawa ni mimi niliyekuwa nikimbeba.
Akaikunja mara mbili bila neno.
Kisha akaligeuza pindo kwenye mwanga wa jiko,
akapapasa mahali ambapo mshindio umelegea,
nyuzi nne, tano, hazikupigwa vizuri.
"Hapa," akasema, "alisinzia."
Sikuwa nimepaona. Miezi tisa kitambaa kiko mikononi mwangu.

Kidole chake kikapanda mpaka begani, kwenye vitundu.
"Na hapa?"
"Hapo ni mimi. Na kulabu ya Vaike."
"Panapita upepo."
"Panapita," nikasema.

Akalifunga vifungo mpaka shingoni,
akatoka kwenda kupasua kuni.