Bei?

Saa tatu usiku Mtaa wa Dubois umeshusha mageti,
mimi ndiyo kwanza nafungua duka.
Ghorofa ya tatu, kibanda hatua mbili kwa tatu.
Nawasha taa ya duara, inanitia pete machoni,
naegemeza simu kwenye katoni ya maji,
nasema karibuni, karibuni jamani, leo robota limenikubali.

Watu kumi na tisa. Arobaini. Mia na sita.
Nashika raba nyeupe, naikunja kama chapati,
napiga soli mezani waisikie,
naonyesha kisigino kilipoliwa kidogo,
maana siku hizi ukificha kasoro kesho wanakuanika,
ukiitaja mwenyewe wanasema dada huyu mkweli,
wanaagiza jozi mbili.
Ukweli nao umekuwa mtindo. Sikatai.
Unalipa kodi.

Bei nimeiandika ukutani kwa kalamu nene.
Nimeitamka. Nimeirudia kwa madaha.
Ndipo unaingia wewe, mwenye picha ya waridi,
jina Ua la Baraka, bila hodi, bila habari za jioni:
*Bei?*

Februari walituambia video ndefu zimekufa,
watu wana sekunde saba tu za kukupa.
Aprili ikawa usionyeshe uso, onyesha mikono
ikifunga mzigo, karatasi ikilia polepole.
Nikapaka kucha rangi,
nikafunga viatu kama ninayemvika bwana harusi.
Juni uso ukarudi, na lafudhi ya kwenu;
nikatangaza saizi thelathini na nane kwa Kikamba,
wafuasi elfu nane kabla ya alfajiri.
Wanunuzi wanne.

Mtandao ni mwenye nyumba asiye na sura,
hubadilisha kufuli nawe umo ndani.

Lakini wewe hukubadilika.
Sekunde saba ulikuwepo, mikono ulikuwepo,
hata usiku ule stima zilipopotea
nikauza kwa tochi watu watatu wakitazama,
mmoja alikuwa wewe:
*Bei?*

Nikaanza kukuzoea.
Nikakutungia maisha: muuguzi wa zamu ya usiku,
Mbagathi pengine, unahesabu sarafu chini ya dawati.
Mara moja nikapunguza mia kwa ajili yako tu,
sikumwambia mtu.
Kesho yake ghorofa nzima ilipunguza mia na hamsini.
Nikasema, biashara ni upepo.

Alhamisi ukaagiza.
Kahawia, thelathini na tisa, kulipa ukipokea.
Nilifunga ule mzigo mara mbili,
nikatia peremende na kikaratasi: *Asante, Ua.*
Gitonga akaubeba, kofia kichwani,
akashuka. Sikusikia pikipiki ikiwaka.
Nikasikia viatu vyake vikirudi ngazini.

“Dada Nzilani, huyu hahitaji petroli.
Ni hapa. Mlango wa nne, ukipita choo,
pazia la kijani.”

Kageha!
Kageha tunayeazimana chenji,
tunayegawana ufunguo wa choo na gharama ya sabuni.
Taa yake ya duara inawaka kuliko yangu.
Ukutani kwake, kalamu nene, raba nyeupe,
hamsini chini ya yangu.

Hakukana. Alipokea mzigo,
akaugeuza, akapapasa mkunjo wa karatasi kwa kidole.
“Nilitaka kuona unavyofunga,” akasema.
“Yangu hunirudia imelowa.”

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na mengi.
Gitonga naye akauliza nani analipia ngazi.
Hapo ndipo tukaiona simu yake mezani,
hewani bado, watu mia mbili na kumi na wawili
wakitutazama tulivyosimama na kiatu katikati,
mioyo myekundu ikipanda, ikipanda,
na mgeni mmoja, picha ya mbuzi, akaandika:

*Bei?*

Tukajibu kwa pamoja,
bei mbili tofauti.