Ukurasa wa Sabini na Moja

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilishuka juu ya bati la Kidato cha Pili B
kama gunia la mahindi lililopasuka,
na mimi, kinywa wazi katikati ya swali,
Mhusika mkuu ni nani? Taja dhamira tatu,
nikajikuta natafuna hewa.

Watoto arobaini na watatu wakanitazama midomo.
Nikachukua chaki. Nikaandika:
Kijibuni kitabu. Msinisimulie, nimekwisha kukisoma.
Mje na jibu Jumatatu.

Kitabu chenyewe chembamba, nakala sita,
moja inanuka mafuta ya taa.
Mama anauza maziwa. Kila alfajiri anavuka mto
juu ya daraja la miti, ndoo mbili,
mpaka alfajiri ile ya ukurasa wa sabini na mbili.

Gwakisa alikuja na daraja la mianzi
ndani ya boksi la sabuni.
Akalipakia mawe, moja moja, mbele yetu.
Likalia. Likapinda. Likakatika.
Akaandika ubaoni, maana mvua ilikuwa imerudi:
Mama lilimbeba. Ndoo ya kwanza lilibeba.
Tukaitazama darasa zima ile ndoo ya pili
ambayo mwandishi aliitaja mara moja, akapita zake.

Lusajo, ambaye kwenye insha humpa alama za huruma,
alileta daftari la madeni:
lita, tarehe, nani kalipa, nani kasema kesho.
Kwa hesabu zake, anayedaiwa kuliko wote
ni mwalimu wa shule ya mle hadithini.
Sikusema neno.
Jioni nikapita kwa mama Ngonile, nikalipa maziwa ya mwezi mzima.

Ambokile alileta muhtasari wa jirani yake,
makosa yaleyale, nukta zilezile.
Jina la jirani hakulifuta.

Atuganile akaleta ubeti mmoja, kwenye karatasi ya mraba:

    Daraja walilijua, nyufa wakazihesabu,
    Kamati wakachagua, na mjumbe wa kujibu,
    Mvua ikalifua, wakatazama karibu,
    Mto haukumuua, kikao ndicho sababu.

Mkuu wa shule aliukuta umebandikwa ukutani.
Akausoma mara mbili, mikono nyuma.
"Huyu anamsema nani?"
Nikamwambia ni watu wa kitabuni.
Akachungulia dirishani, upande wa bondeni,
akaondoka bila kuubandua.

Subilaga hakuleta kitu.
Alirudisha kitabu tu, ile nakala ya mafuta ya taa,
na ndani yake ukanda wa jani kavu la mgomba,
ukurasa wa sabini na moja.
Hukumaliza? nikamuuliza.
Ilibidi nimsogelee, sikio kwenye shavu lake, ili nisikie:

"Nikifungua ule unaofuata, mwalimu, nitakuwa mimi.
Hapa bado yuko njiani. Ukungu haujapanda.
Ndoo zimejaa."

Fomu ya alama ina visanduku viwili, fani na maudhui,
jumla ishirini.
Najua mtihani wa taifa hautamuuliza juu ya jani.
Najua pia nilikaa na kalamu ile mpaka koroboi ikaanza kukohoa,
na kisanduku chake kikabaki cheupe,
na Jumatano mtaaluma akaniita ofisini kwa ajili yake.

Kwenye nakala tano, mama amekwisha kuzama.
Watoto wamemlilia, wamempigia hesabu, wamemtungia,
wamejua nani alaumiwe.
Kwenye hii ya sita, anavuka.

Jana Ambokile amekuja kuiazima.
Ameapa safari hii atasoma mwenyewe.
Nikamwambia sawa, ila hilo jani usilitoe.
Akaligeuza, akalinusa,
akaniuliza kama nalo lina alama.