Koo la Chini ya Karo

Inama, Mbeyu, sakafu hii haiumi.
Fungua kabati. Umeiona?
Hiyo nene kama mtungi, shingo imeng'ang'ania karo,
kitako kinaning'inia.
Sinyora huiita kwa jina la kwao
ambalo ulimi wangu umelikataa miaka kumi na mmoja.
Mimi naiita Kijaa, maana husaga.

Mimi natoka Ganda, na kazi yangu ni maganda.
Cheka. Wote hucheka.
Lakini sikiza, kesho kutwa nahamia Kakuyuni kwa mwanangu
na hutakuwa na wa kumuuliza.

Maji ya baridi, si ya moto.
Ya moto huyalegeza mafuta, yakapita yakijichekea,
yakafika kwenye kona ya bomba, yakaganda,
nawe umejenga ukuta ndani ya ukuta.
Fungulia kabla hujawasha,
na mngurumo ukikoma usifunge;
hesabu hadi ishirini, kama unavyomsindikiza mgeni
mpaka njia panda, humwachi mlangoni.

Wanasema inakula kila kitu. Uongo.
Ni mashine ya taka, lakini haitaki kila taka.
Machicha ya nazi, haitaki.
Nyuzi za embe hujiviringa humo kama uzi kwenye cherehani.
Wali uliolala huvimba, taratibu, kama kinyongo.

Sikukuu moja walikuja wageni kumi na wanne,
na mpishi wa kukodi akaisukumia kamba wabichi,
vichwa, magamba, ndevu, vyote kwa mpigo.
Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Kisha kimya.
Thoya, fundi bomba, alikuja na baiskeli.
Alizima umeme kwanza. Umeme kwanza, Mbeyu.
Akalala chali hapo yalipo magoti yako,
akachomeka ufunguo kitakoni, akazungusha huku na huku,
kisha akatoa kwa koleo
kijiko cha chai, kifuniko cha soda,
na jino.
Jino la mtu! Hakuna aliyelidai.
Siku mbili wageni walitabasamu midomo imefumbwa.

Tangu hapo niliandika haya mlangoni mwa kabati,
kwa kalamu ya wanja, ndiyo iliyokuwa karibu:

*Maji kwanza mle ndani, na mwishoni yamwagike,*
*Mafuta weka koponi, yapoe yakusanyike,*
*Vidole viwe kandoni, koleo lishughulike,*
*Umeme zima, jamani, ndipo kitako ushike.*

Kile kidude chekundu hapo chini
ni cha siku inaponuna. Usikibonyeze papo hapo.
Iache ipoe; mwenye hasira huongei naye ikiwa bado moto.
Na Ijumaa, barafu konzi mbili na chumvi ya mawe,
iache itafune. Harufu itakwisha.

Sasa funga mlango wa jikoni.

Thoya akija kila mwaka huisifu: "Mama, umeitunza!
Meno yake bado mapya."
Mimi hunyamaza.
Unaona ndoo ya kijani nyuma ya mtungi wa gesi?
Maganda ya ndizi, ya muhogo, majani ya kabichi,
yote huenda humo, na jioni hupanda boda pamoja nami.
Nyumbani Ganda palikuwa na mbuzi wawili.
Wakawa saba.
Saba wakawa vitabu, sare, godoro la bweni,
Nyevu akamaliza kidato cha nne.
Karo hili ndilo lililolipa karo ile,
na Sinyora hajui; au anajua.
Siku moja niliikuta ndoo imejaa ngozi za tikiti
na si mimi niliyezitia.

Kwa hiyo asubuhi, akiwa kibarazani na kahawa yake,
iwashe kidogo. Aisikie ikinguruma.
Ipe ganda la ndimu, moja, inanukia vizuri.
Mengine unajua.
Na kifuniko cha ndoo kikaze,
paka wa mtaa huu wana vidole.