Picha ya Bwana Harusi

Miaka tisa napiga picha za pasipoti
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Kidevu chini kidogo. Usicheke. Masikio yaonekane.
Mahakimu hunitii, wauza ng'onda hunitii.
Samaki yule hakunitii.

Wa dhahabu, nundu kichwani, mashavu ya mpiga tarumbeta,
mapezi yakiburuzika kama joho la kuazima;
ndipo Bi Mwanshamba akamwita Bwana Harusi.
Tangi alilibandika fundi vioo wa Chumbageni:
kona moja hutoka jasho, pampu hukoroma usiku kucha
na wapangaji hulalamika.

"Sikudhani anataka kumwona," akaniambia.
"Kumwona hasa. Siyo hilo doa la chungwa
ninalomtumia kwa simu kila Ijumaa."
Sikudhani yuko Maskati, kazi za ndani, mwaka wa tatu.
Alimwacha samaki akiwa mdogo kama pipi.

Siku ya kwanza nilikwenda na kamera yangu ya kazini.
Taa yake ya kichwani ikagonga kioo, ikanirudia na matusi:
mwezi mweupe katikati ya maji,
kalenda ya duka la simenti, mlango wa friji,
na mimi, mdomo wazi, juu ya tumbo la samaki.

Nikauza baiskeli na redio.
Kariakoo, jamaa mmoja aliniapia kwa mama yake
kwamba lenzi haina ukungu ndani.
Ilikuwa nao, pembeni, kama mtoto wa jicho anayeanza.
Lakini ilisogea! Ilisogea mpaka nikahesabu
miguu ya sisimizi juu ya sukari.
Flashi mbili za nje nikaazima kwa Mhina, mpiga picha wa harusi:
moja nikailaza juu ya mfuniko, uso chini,
baina yake na maji karatasi ya mtihani ya mjukuu,
upande usioandikwa;
ya pili ubavuni, mshazari, isitazamane na kioo.
Mdomo wa lenzi nikauvika mpira wa kandambili,
nikaubana kwenye tangi, nikajifunika
baibui la Bi Mwanshamba, lenye udi na vitunguu,
na huko nje nikamsikia akimwambia jirani:
"Yumo ndani, anamwinda."

Mapigo mia mbili na kumi na mbili.
Mkia. Mkia. Maji matupu. Kinyesi kinaning'inia kama uzi.
Jicho lisilo na samaki, samaki asiye na jicho.
Kisha akageuka mwenyewe, taratibu, kama aliyeitwa jina,
na nuru ikamshukia kutoka juu
kama inavyoshuka mtoni, siyo kama inavyopigwa usoni.

Tukaitazama kwenye kompyuta.
Magamba yamepangwa kama vigae,
kila moja na ukingo wake wa shaba.
Na kwenye pezi la kushoto, punje. Nyeupe. Kama chumvi iliyomwagika.
Na pezi limechanika, na mboni ina utando.
Bi Mwanshamba akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Haya yalikuwepo?"
"Yalikuwepo."
"Tangu lini?"
Lenzi haijui tangu lini.

"Mtumie ile ya simu," akasema. "Ile ya ukungu.
Mtoto yuko mbali. Akiona hivi atalalaje?"
Tukatia chumvi majini, kijiko kikubwa, kisha nusu.
Nilipokuwa nakunja nyaya alikuwa kimya,
simu mkononi, picha ya juzi ya Sikudhani:
kwa mbali, jikoni kwa watu, anacheka,
ngozi imelainishwa hata chunusi haina,
mkono mmoja nyuma ya mgongo.
Akaivuta kwa vidole viwili. Akaivuta tena,
mpaka uso ukawa vitone vya mraba.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo lenzi yako,
inaweza kupiga picha ya picha?"