Mshale na Saa

Kwanza kikaratasi hiki. Kishike kwa ncha za vidole,
usikikunje; mashine yangu ina macho ya bibi kizee,
ikiona mkunjo inakikana kama haikukizaa.
Namba ni moja hadi arubaini na tano.
Chagua sita. Sifuri haimo, usiniulize tena.
Shilingi hamsini. Mkopo? Soma hapo ukutani.

Wengine huja na ndoto.
Aliyeota nyoka anataka ishirini na moja,
aliyeota meno yakimng'oka ananiuliza mimi,
kana kwamba hapa Mwembe Tayari nauza na tafsiri.
Kadzo wa mahamri hucheza umri wa wanawe
na kila mwaka inambidi aongeze moja moja.

Fundi Shekuwe alikuja na saa zilizokufa.

Ana meza yake kule Marikiti, upana wa sinia,
kioo jichoni, kibano mkononi,
saa za watu zimelala chali juu ya kitambaa cheusi,
kila moja na dakika yake ya mwisho.
"Hizi zimeniachia wasia," alisema.
Nne zilimjia wiki ile. Ya nne ilikata roho
dakika ya hamsini na moja. Nikamwambia, Fundi,
hiyo haina pahali, mashine haivuki arubaini na tano.
Akairudisha mfukoni kwa huruma.
Zilizobaki akanisomea polepole, nami nikibonyeza:
saa kumi na dakika ishirini na mbili,
saa tano na dakika thelathini na nane,
saa moja na dakika tisa.

Tiketi ikatoka, bado ina joto.
Nikamwambia ninachowaambia wote:
andika jina nyuma, tia sahihi,
maana tiketi isiyo na jina ni ya aliyeiokota.
Usiifue na kanzu. Usiianike juani, wino wake hukimbia.
Una siku sitini; ya sitini na moja, fungia njugu.

Jumamosi saa tatu usiku wakatoa mipira.
Nne.
Saba.
Tisa.
Kumi na moja.
Ishirini na mbili.
Thelathini na nane.

Jumatatu mashine ilimlilia mlio mfupi, ule wa ushindi mdogo.
Tatu kati ya sita, mia tatu, hulipwa papa hapa.
Nne na tano ni za ofisini, na kitambulisho, na nakala yake.
Sita sijawahi kuiona. Nasikia hupigwa picha
na hundi kubwa kama mlango.

Hakuzigusa pesa. Alizipanga zile saa juu ya kaunta.
"Dama, mshale huu uko wapi?"
Kwenye nne.
"Nami nilikusomea ngapi?"
Kumi.
Ya pili: mshale kumi na moja, ulimi tano.
Ya tatu: mshale saba, ulimi moja.
Dakika zote zilikuwa zetu.
Saa ndizo zilizokaa ng'ambo ya duara
zikitutazama.

Tangu babu zetu tunaona saba tunasema moja,
na hakuna aliyewahi kuchelewa kazini kwa hilo.

Nilidhani atalia, au ataniita mchawi.
Alicheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni.
"Zilikuwa milioni ngapi?" Nikamtajia.
Akacheka tena, mara hii kidogo.
Akahesabu mia tatu yake mara mbili, akainuka.
Fundi, nikamwita, hutaki nyingine?
"Kwa namba gani? Leo nazifungua.
Kesho zitatembea, na kitembeacho hakina wasia."
Kabla ya kuondoka akaitazama saa yangu ya ukutani,
akapanda kwenye kreti la soda,
akairudisha nyuma dakika nne. Hakunitoza.

Haya, wewe. Watu wamejaa mgongoni mwako.
Namba ya kwanza?

Saba.

Ya mshale, au ya mdomo?