Matofali ya Mayunga

Milango yetu ni saba, ua ni mmoja.
Jiko liko upande wa machweo, bati lake
linavuja palepale kila masika,
na kila masika tunakinga kwa sufuria ileile
ya Mama Kulwa, iliyobonyea ubavu.

Mpira wa Shija ulipovunja redio ya Mayunga
(wala haikuwa saa ya mechi,
yalikuwa matangazo ya vifo)
alitoka na kamba, akapima ua
toka mlangoni kwake hadi kwenye mndimu.
"Hapa utapita ukuta."
Kesho yake mkokoteni ukaleta matofali ya kuchoma
kutoka Ipuli, mia tatu na kumi.
Aliyapanga mwenyewe. Idadi akaiandika kwa chaki.

Siku tatu tulisalimiana kwa nusu sauti.
Watoto walichezea barabarani,
wakarudi na vumbi hadi kwenye kope.
Mimi, niliyetoka Urambo na mabegi mawili
na nadhiri ya kutomzoea jirani,
nilifurahi.
Siku tatu nzima nilifurahi.

Halafu ikaja Jumanne, siku ya maji.
Pipa la wote lilikuwa limeinama,
na Nyanzala, mimba yake ya miezi minane mbele yake,
akachukua tofali moja bila kuomba,
akalisukumiza chini kwa mguu. Pipa likatulia.
Nani angemsemesha?

La pili likazuia mlango wa jiko usibamizwe na upepo.
Mawili yakawa goli, mawili goli la pili.
Sita yakabeba ubao wa kuoshea vyombo.
Bibi Kalunde aliomba kwa adabu, akapewa manane,
kuku wake wakapata chumba.
Mimi nilichukua moja, usiku, kama mwizi,
la kukalia nikimenya karanga,
kwa sababu jikoni wenzangu walikuwa wanacheka
na kigoda changu kilikuwa kirefu mno.
Aliyekaa juu hasikii umbea.

Jumamosi Mayunga huhesabu.
"Mia mbili themanini na tisa," husema,
hamtazami mtu.
Mama Kulwa humpelekea matobolwa kwenye kisahani,
naye hula amesimama.
"Na ukuta, baba?"
"Mwakani."

Nisiwadanganye, ua huu si pepo.
Zamu ya choo kuna mtu huiruka, na namjua.
Chumvi yangu huyeyuka hata kiangazi.
Kulwa akinyamaza, Doto anaanza.
Siri ya alfajiri haifiki saa ya kuoga.
Nimewahi kufunga begi.
Nimewahi kulifungua.

Ule usiku wa Juni kifua cha Masele wangu kilipobana,
kikapiga filimbi kama treni iliyochelewa,
nilitoka nigonge mlango mmoja.
Sita ilikuwa wazi tayari.
Huyu ana tochi, yule kaenda kutafuta bajaji,
Bibi Kalunde anasugua mgongo wa mtoto
na kulaumu maziwa ya dukani.
Mayunga akaingia, shati kalivaa ndani nje,
matofali mawili kila mkono.
Akainua kitanda upande wa kichwa,
akaweka mawili huku, mawili kule.
"Alale juu. Apumue."
Akachuchumaa mlangoni hadi bajaji ikafika.
Tuliporudi na dawa, kumekucha,
alikuwa bado pale, amesinzia,
kuku wa Kalunde kwenye kivuli chake.

Jumamosi iliyofuata hakuanzia kwenye lundo.
Alianzia pipani. Moja. Mlango wa jiko, mbili.
Akasogeza watoto, akahesabu magoli yao.
Akainama kwenye ubao, akainama kwa kuku,
akachungulia dirishani kwangu: "Na manne hapa."
Ndipo akaenda kwenye lundo, taratibu,
kidole kikigusa kila tofali.
Tulinyamaza ua mzima, hata Doto.

"Mia tatu na tisa," akasema.
"Limepungua moja."

Nikashusha khanga hadi chini,
nikalikalia vizuri zaidi,
nikaendelea na karanga zangu.