Mkunjo wa Nane

Muuguzi aliuliza umri, kalamu hewani.
Nikatoa kitambulisho: tarehe mosi Januari, hamsini.
Akaandika sabini na moja.
Bibi Sikudhani akanitazama juu ya barakoa
kwa jicho la mtu anayemwona muuza duka akikosea chenji
na kuamua kunyamaza.

Maana siku bendera ilipopandishwa
alikuwa na mimba ya mjomba Kibwana,
na kabla ya Kibwana palikuwa na mwingine, hakuishi.
Piga hesabu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja habebi mimba mbili.
Minane iliachwa nje ya karatasi;
waliojaza fomu walimkadiria kwa macho,
naye alijaliwa ngozi ya kudanganya.

Ugonjwa haukuomba kitambulisho.

Niliuleta mimi. Sina ushahidi, ila nani mwingine?
Kutwa Mtaa wa Aggrey nainamia simu za watu,
vioo vilivyopumuliwa na mji mzima.
Siku tatu pilipili haikuwasha,
perege wa kukaanga alikuwa kadibodi,
ya nne nikatazama mpira, nikapiga kelele za goli.
Nina miaka ishirini na mitatu.
Yangu yaliishia kwenye jasho la shuka moja.

Chumba cha pili, Buguruni ileile, tofali moja kati yetu,
yeye alikuwa anapanda ngazi huku amelala.

Tulimfukiza: mchaichai, majani ya mpera,
malimao ya shemeji Zamoyoni.
Akatoka chini ya blanketi amelowa chapa:
"Mmeshanipika. Pakueni."

Daktari Mbawala, kijana, aliniambia koridoni
kwamba kila miaka saba hivi hatari huwa maradufu.
Akaitwa kitanda kingine.
Nikabaki na kanga ya bibi mkononi, nikaikunja.
Mara moja, tabaka mbili: miaka thelathini.
Nne.
Nane, hapo ni shangazi, aliyelala wiki akaamka.
Kumi na sita. Thelathini na mbili. Sitini na nne.
Mkunjo wa saba kanga ikaanza ubishi, nikaibana kwa goti;
kitambulisho kiliishia hapo.
Wa nane hauingii. Jaribu. Kitambaa kinakuwa jiwe.
Mia mbili hamsini na sita,
na yangu imetandikwa wazi, tabaka moja,
upepo unapita.

Wala usinifanye mjinga wa hesabu.
Mlango wa tatu, Mchande wa bodaboda, thelathini na nne,
sukari yake haijapimwa hata siku moja,
walimtoa alfajiri amefunikwa.
Mama yake, mwenye meno mawili, alikohoa naye chumba kimoja.
Yupo. Anauza ubuyu.

Bibi alikwenda Jumanne saa nane mchana,
mtungi wa hewa umetoka kubadilishwa, umejaa.
Cheti kikaandika sabini na moja.
Nilitaka kukisahihisha.
Shangazi akanishika mkono: "Mwache aende kijana."

Kanga ilibaki kwangu. WA MBILI HAVAI MOJA, imeandikwa,
ingawa herufi za katikati zimefifia kwa kufuliwa.
Nimeipiga pasi mara mbili, alama za mikunjo hazitoki.

Mwezi ujao natimiza ishirini na nne.